Kitabu cha Mama Mkwe Hakikuzikwa

Nyie vijana mtakaosoma haya, msione nimezeeka mkadhani nilikuwa mpole. Wakati wa Mjerumani nilikuwa mke wa mtu huku Meru, darasa langu ni la ubatizo tu, na nilikusanya vitabu vya sala vya Kilutheri. Vya zamani, vyenye jalada la ngozi, vile walimu wa kwanza walivyokuja navyo. Vipya vilipofika misheni, watu wakaanza kuchana vya zamani kufungia ugoro. Nikapita nyumba kwa nyumba na ndizi kichwani, nikabadilishana.

Wakanicheka. "Anachukua hata vya Kijerumani! Atamsomea nani, mbuzi?"

Nikawaambia mbuzi wangu wana adabu kuliko wao.

Kilichochakaa kuliko vyote alikuwa nacho mama mkwe. Alibatizwa uzeeni, akanifundisha herufi kwa kitabu hicho, kidole kina samli, kila ukurasa una doa lake. Akaniambia akifa nikichukue.

Mama mkwe akafa wakati mume wangu yuko mjini, kakamatwa kubeba mawe ya kujengea boma la Mjerumani. Na siku zile Wakristo wetu walikuwa na desturi: marehemu anazikwa na kitabu chake kifuani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu na mzee wa kanisa, akamwekea mama yake kile kitabu, pale migombani, mbele ya watu.

"Shemeji, kitoe. Mama alinipa mimi."

"Nyamaza, mke wa mdogo wangu. Mama aende kwa Mungu mikono mitupu?"

"Kwani Mungu hazijui sala zake mpaka asomewe?"

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Shemeji akafoka, "Mwanamke habishani na shemeji yake kaburini!"

"Leo amebishana."

Nikapiga magoti kwenye udongo, nikakichukua mwenyewe, nikamfunika mama shuka lake vizuri. Hakuna aliyenigusa. Shemeji akaapa atakuja kwangu na wazee wenzake, walifukue kaburi wakirudishe kitabu, na vingine vyote vipelekwe misheni.

Sikuomba radhi siku ile, na leo siombi. Nilivipandisha vyote darini, juu ya moshi wa jiko, mchwa wasivifikie. Kisha nikawaita wote wa nyumbani.

"Baba yenu mkubwa akija, mwamkieni, mpeni kiti, mpeni maziwa. Ngazi ya dari kaificheni migombani. Atakayemwonyesha ilipo, hali kwangu."