Fundi Gerson na Injini ya Mtani Wake

Gerson Lugembe alikuwa na sharti moja, na wenye mashine wote kuanzia Tabora mjini hadi Kaliua walilijua. Ukimwita aje kukagua injini ya dizeli unayotaka kununua, injini hiyo isiguswe tangu jana yake. Akifika akaweka kiganja juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akakuta uvuguvugu, anafunga kisanduku chake cha spana, anaomba maji ya kunywa, anaondoka. Injini ya baridi, alikuwa akisema, ukiiwasha inakohoa ugonjwa wake wote mbele za watu. Iliyopashwa moto ni mgonjwa aliyemeza dawa ya maumivu kabla ya kumwona daktari.

Wala hakuwa fundi wa kubahatisha. Kazi aliianza karakana ya reli, kisha kwa miaka ishirini na tatu akazunguka na mashine za kukoboa na kusaga. Moshi mweupe usiokoma, maji yanaingia ndani. Wa bluu, injini inakula oili. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Akikuta rangi mpya kwenye injini ya zamani, alivua miwani akaifuta, akaanza upya. Wenzake wa kanisani, Wamoraviani, walimtania kwamba hata kwaya anaisikiliza kama vile kuna mahali inagonga.

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje mkenge? Ngoja nikwambie, maana mimi mwenyewe bado inaniuma.

Dada yake, Levina, ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kusaga kule Kaliua, na Gerson ndiye aliyeitunza miaka kumi na sita bila mashine kulala hata wiki moja. Mwaka juzi Levina akapata wazo lake. Mchele wa huku upande treni hadi Kigoma, kisha uende kwa mashua kwenye vijiji vya kusini mwa ziwa ambako barabara ni ya taabu, na mashua irudi na dagaa. Ili anunue mashua, ilibidi auze mashine.

"Kaka, mashua mimi sizijui," alimwambia. "Lakini injini unazijua wewe. Ukisema ndiyo, nauza. Ukisema hapana, nabaki na unga wangu."

Mashua ilikuwepo Ujiji, ya tanga, yenye injini ya dizeli tumboni, aliyoiacha daktari mmoja mgeni aliporudi kwao. Muuzaji alikuwa Mabruki, na Gerson aliposikia jina hilo alicheka kwa raha, maana Mabruki alikuwa mtani wake.

Mabruki ni Mzaramo. Babu yake alitoka pwani na mzigo kichwani, akafika Ujiji, asirudi tena. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyotembea wapagazi wa Kinyamwezi, na utani wa makabila hayo mawili ulianzia hukohuko kwenye mizigo. Gerson na Mabruki walikutana karakana ya reli, na tangu siku hiyo hawakuwahi kusalimiana kistaarabu, ingawa Mabruki ni mkubwa kwa miaka minane. Salamu yao ilikuwa matusi. Recheli, mke wa Gerson, alipofariki, Mabruki alisafiri kutoka Ujiji, akateremka kaburini, akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Gerson naye akacheka, siku ile ambayo hakudhani angeweza. Jambo hilo hakulisahau.

Basi wakaenda Ujiji, kaka na dada. Gerson akashuka ndani ya mashua, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto. Na ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, mbichi kabisa.

"Mzaramo," akasema, "umeiwasha hii."

"Nimeiosha," Mabruki akajibu. "Maiti si huoshwa kabla ndugu hawajafika? Injini hii imekufa, Mnyamwezi. Hedi ina ufa, nimeuziba kwa gundi ya chuma, nikapaka rangi juu. Jana nimemwaga oili iliyokuwa kama chai ya maziwa. Nimekuwekea mpya ili usione. Nunua ukaizike Tabora, nyie si mmezoea kubeba mizigo?"

Vibarua waliokuwa pale ufukweni wakaangua kicheko. Gerson naye akacheka, akamrudishia ya kwake, kwamba Wazaramo hata ufa hawajui kuziba, wanajua ngoma tu. Mdomoni alikuwa na maneno mengine, kwamba tutarudi kesho ikiwa imepoa. Akayameza. Ungemfanyaje mtani akikwambia hivyo mbele za watu? Ukimchunguza, umekasirika, ukikasirika, utani hukuujua tangu mwanzo, na utasimangwa mpaka uzee. Tena huyu ni mtu aliyelala kwenye kaburi la Recheli.

Akawasha. Ikanguruma vizuri, moshi haukuonekana. Kijiti kikatoka na oili safi. Akamwambia Levina, "Ndiyo."

Levina akauza mashine.

Safari ya kwanza ilikuwa nzuri, na ya pili. Ya tatu, kabla ya kufika Buhingu, maji yakachemka, injini ikagonga mara chache, ikanyamaza. Wakapandisha tanga, upepo hakuna. Pampu ya kutoa maji yanayovuja chini nayo ilitegemea injini, na mpaka walipopata chombo cha kuwavuta, maji ya ziwa yalikuwa yameshaingia kwenye magunia na mchele umevimba. Levina akapiga simu moja fupi, "Kaka, imekufa," na Gerson akapanda treni.

Aliifungua mwenyewe. Alipokwangua rangi ya kijani alikuta gundi ya chuma, kijivu, imepakwa kwa ustadi, na chini yake ufa uliotoka kwenye njia ya maji hadi kwenye vali. Oili, iliyochanganyika na maji, ilikuwa chai ya maziwa. Akakaa chini pale pale ndani ya mashua, mikono imejaa uchafu, akihisi kama ameibiwa na mtu wa nyumbani kwake.

Wakaenda kwa Mabruki wote wawili. Walimkuta barazani anakunywa kahawa.

"Ulijua," Gerson akasema.

"Nilijua, na nilikwambia," Mabruki akajibu, bila hata kuweka kikombe chini. "Ufa nilikwambia. Gundi nilikwambia. Oili nilikwambia. Dada yako alikuwepo, vibarua walikuwepo. Kuna neno nililokuficha? Usikasirike, mtani."

Kilichomchoma Gerson ni kwamba ilikuwa kweli tupu. Mtu huyu alikuwa ameukalia utani wao wa miaka yote hiyo, akapima, akajua ndiyo mahali pekee ambapo ukweli ukisemwa hautaaminiwa. Akausema hapo, roho yake ikabaki safi. Afadhali angedanganya kama wezi wengine.

"Shikamoo, Bwana Mabruki," Gerson akasema.

Mabruki akaweka kikombe chini. "Unaniamkia, Mnyamwezi? Mimi?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Asante kwa muda wako."

Mabruki akamwita mara mbili kwa jina la utani, akajaribu na tusi moja la zamani. Gerson hakugeuka.

Walitembea kuelekea ufukweni. Baadaye Gerson akasimama.

"Levina, siku ile ulimsikia alivyosema?"

"Nilisikia yote. Ule ufa nilitaka kumuuliza. Mimi si mtani wake, ningeuliza tu."

"Mbona hukuuliza?"

"Nilikutazama wewe, kaka, ukawa unacheka," Levina akasema. "Na mimi nikacheka."

Gerson akaanza kueleza kwamba hedi nyingine inaweza kupatikana, angeitafuta Mwanza, angeifunga yeye mwenyewe, bure, hata ichukue mwezi. Levina alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa heshima ile ile ya siku zote.

"Kuna fundi wa Kigoma anakuja kesho asubuhi kuiangalia," akasema. "Wewe rudi Tabora, kaka. Treni ni leo jioni."