Mhusika Bapa wa Unyambwa

Juzi nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha nne, macho yanawaka na chai imeshapoa, nikafika kwenye swali la wahusika. Mwanafunzi ameandika: "Mhusika bapa ni yule asiyebadilika tangu mwanzo wa hadithi mpaka mwisho." Nikamwekea vema, nikaweka kalamu chini. Ndugu yangu, kazi hii inachosha mwili na roho. Lakini maneno hayo niliyajua kabla sijajua kwamba yatakuwa kazi yangu. Niliyajulia nyumbani kwa bibi, Unyambwa, kwenye rundo la alizeti.

Dada yangu ndiye aliyekuwa kidato cha nne wakati ule, mimi bado shule ya msingi. Tukirudi shule tulikaa uani kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, vumbi lake likituwasha shingoni, naye anakariri kwa sauti: fani, maudhui, dhamira, taharuki. Mwalimu wao alikuwa amewaambia, neno usiloweza kulitumia nyumbani hujalijua. Basi dada akawa anawagawia watu wote majina. Bibi, aliyetusimulia hadithi kwa Kinyaturu huku akipepeta uwele, alikuwa msimulizi. Jirani yetu, mzee aliyefiwa na mkewe, aliyepita kila asubuhi na ng'ombe wake, akaitikia shikamoo zetu, akauliza kama kwetu kumenyesha na kwenda zake, huyo akaitwa mhusika bapa. Tulicheka mpaka bibi akatufukuza uani.

Mtihani ulipokaribia, bibi akaanguka jikoni. Upande mmoja wa mwili ukalegea, na maneno yakampotea. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alifanya kazi ya ulinzi mjini. Akaja, akamtazama mama yake kitandani, akasema bila kumtazama dada, "Itabidi ubaki nyumbani. Nani atamlisha?"

Dada alikwenda kuinjika uji wa uwele. Nilimwona anakoroga, machozi yanadondoka, wala hayafuti.

Asubuhi yake yule mzee alipita kama kawaida. Mara hii hakuuliza habari za mvua. Alikuwa amemwachia mjukuu wake ng'ombe. Akabisha hodi, akaketi, akamwambia baba, "Mwanangu, binti aende akafanye mtihani wake. Mama yako nitakaa naye mimi."

"Mzee, utaweza?"

"Mke wangu nilimuuguza mwenyewe hadi mwisho. Nitaweza."

Akaweza. Dada alimwogesha bibi alfajiri na jioni; mchana kutwa mzee alikaa pale mlangoni akisokota kamba, akiinuka kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta mdomo kwa kitambaa, akimsemesha Kinyaturu polepole ingawa hakujibiwa. Hivyo hivyo mpaka mitihani ikaisha.

Siku ya mwisho dada alirudi, akavua viatu, akakaa chini ukutani. Nikamuuliza, "Sasa mzee ni mhusika gani?"

"Sijui," akasema. "Hawakutufundisha."

Bibi alituacha kabla matokeo hayajatoka. Dada alifaulu, lakini si kwa kiasi cha kuendelea. Akaolewa Manyoni, na nikimpigia simu siku hizi tunazungumza habari za watoto na magonjwa. Mimi ndiye niliyeendelea na yale maneno. Nimeyafundisha mpaka sauti imekwaruza.

Mwezi uliopita nilipita Unyambwa kwa bodaboda. Uwanja wetu umekatwa viwanja, nyumba za bati jekundu zimejaa, na hakuna aliyenifahamu. Boma la mzee halipo hata alama. Alifariki nikiwa chuoni, na hatukuwahi, si mimi wala dada, kumuuliza wakati akisokota zile kamba alikuwa akimsimulia bibi nini.