Madam na wenzake walilia kwa ajili ya riwaya, mimi nimebanwa: kisa cha choo cha Bluff

Wakuu salaam.

Wale wa kusema "chai" kaeni kabisa, vikombe viko tayari. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Durban, mwaka 2012, na sijaongeza hata sukari.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani mtaa wa Bluff kwa mama mmoja wa kizungu, mjane, watoto wake wote wamehamia Australia. Mimi naitwa Mwanaidi. Yeye aliniita Mindy kuanzia siku ya kwanza, nikaitika. Kazi ni kazi.

Niseme ukweli, Madam hakuwa mtu mbaya. Anasalimia, hafokei, na Krismasi alinipa keki, ingawa anajua mimi Muislamu na keki yenyewe ina pombe.

Ila nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Kikombe changu na sahani yangu vya bati vilikaa chini ya sinki, pembeni ya dawa ya mende. Na choo changu kilikuwa uani, nyuma ya kamba za kuanikia nguo. Hakuna aliyewahi kuniambia nisitumie cha ndani. Nilioneshwa tu kile cha nje, basi, nikaelewa. Wadada wengi wa kazi kule wanaelewa hivyo hivyo.

Sasa kile cha uani kikaziba.

Nikamwambia Madam. Akasema "Oh shame, Mindy," ndiyo pole yao hiyo, ataita fundi. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, fundi hata harufu yake sijaisikia. Ikawa kila nikibanwa natembea hadi sheli kule chini barabarani. Mpaka yule kaka wa pampu akaniambia, "Eish sister, si useme tu kwamba unanipenda."

Nilikuwa nakaa Greyville, chumba kimoja na Mama Béa, Mkongo mwenye saluni. Siku moja nikamwambia kesho naingia cha ndani, potelea mbali. Akashika kichwa.

"Dada, ile choo ya muzungu usiingie! Atakufukuza, halafu utakula nini? Kusuka haujue."

Kweli sijui kusuka. Na mwanangu kule Tanga alikuwa anasoma kwa kazi hiyo hiyo. Nikaendelea na safari za sheli.

Madam alikuwa na book club. Kila mwezi wanasoma kitabu kimoja, wanakutana, wanakunywa wine. Mwezi huo ilikuwa riwaya ya Kimarekani kuhusu wanawake weusi wafanyakazi wa ndani huko kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi. Madam alikisoma na tishu mkononi. Mimi napiga deki, yeye ananitazama machozi yamemlenga. Nikadhani nina ugonjwa ambao yeye kashaambiwa, mimi bado.

Siku ya kikao kazi zilinizonga tangu asubuhi, sikupata hata upenyo wa kukimbia sheli. Wamama wakaja. Nikaingia sebuleni na sinia, Madam akasema, weka hapo Mindy, leo kaa na sisi. Tunataka uwepo.

Nikakaa kwenye ukingo wa kochi ninalolipangusa kila siku na sijawahi kulikalia. Miguu nimeibana.

Mmoja wao, Glenda, mama wa mkufu wa lulu, akasoma kwa sauti pale ambapo dada wa kazi anakatazwa choo cha ndani. Wakalia! Mwingine akasema haamini kwamba binadamu anaweza kumfanyia binadamu mwenzake hivyo. Boksi la tishu likazunguka, likafika kwangu, nikachukua moja kwa adabu.

Na mimi machozi yalinilenga wakuu, ila sababu ilikuwa kibofu.

Glenda akanishika mkono. "Mindy, kama ungeweza kutuomba kitu kimoja tu leo, ungeomba nini?"

"Naomba kwenda chooni."

Glenda akafumba macho. "My God," akasema. "Maneno mazito namna gani." Mwenzake akasema nimebeba uchungu wa bibi zangu wote. Mwingine akaomba ruhusa ayaandike.

Nikasema, "Hapana, namaanisha sasa hivi."

Wakapiga makofi.

Wakuu, hakuna hata mmoja aliyesema choo kile pale, nenda.

Nikasimama. Nikafika jikoni penye mlango wa uani, sikutoka. Nikakunja kulia kwenye korido, nikaingia cha ndani, nikafunga kitasa.

Raha niliyoisikia nikiiandika hapa mods watafuta uzi. Na kwa kuwa sisi bila maji mambo hayajakamilika, nikachukua kijagi cha kumwagilia maua pale dirishani.

Nilipomaliza ndipo woga ukaniingia. Nikajua kazi imeisha, namuwaza mwanangu, namuwaza Mama Béa atakavyonisema.

Natoka, nakuta wamama wamesimama wanamkumbatia Madam. Wanamwambia ana moyo mkuu, wao wasingethubutu kumruhusu dada wa kazi cha ndani. Madam anapokea pongezi, anatabasamu, macho yako kwenye korido. Sasa baada ya pongezi zile ataanzia wapi kunifukuza?

Jumatatu nafika, fundi bomba kashatangulia. Choo cha uani kikazibuliwa chap chap. Akaja fundi rangi, kikapakwa njano. Zulia dogo, dawa ya kunukisha, chombo cha maua.

"Isn't it lovely, Mindy?"

Nikasema kizuri sana, Madam. Nikaenda cha ndani.

Hakusema neno. Angesemaje, na Glenda anapiga simu kila mara kuulizia habari zangu?

Siku iliyofuata napiga pasi karibu na dirisha, nje mvua inapiga ile ya Durban yenye upepo. Naona mwavuli unakatiza uani. Chini yake Madam, gauni la kulalia, ndala miguuni, anapenya kwenye kamba za nguo kuelekea choo cha njano.

Kumbe tangu nianze kutumia cha ndani, yeye kakiacha!

Nilikaa pale zaidi ya mwaka. Cha ndani changu, cha nje chake. Hatukuwahi kulizungumza. Nilimsafishia kile cha njano kwa heshima zote na maua nambadilishia.

Nilichojifunza: mtu anaweza kuyalilia mateso ya mtu wa kitabuni mpaka tishu ziishe, ila kuchangia choo na wewe uliye mbele yake, anaona bora anyeshewe. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka ule mwavuli nacheka peke yangu.

Karibuni mchangie. Ila kabla hamjaanza kuwasema wazungu, mtu aanze na hili: dada wa kazi hapo kwako anatumia choo kipi?