Vyura Waliofungwa Uzi Mwekundu

Kofi la kwanza kaka yangu alipigwa na mwanamke niliyemshonea gomesi yake ya Krismasi. Baada ya kofi likaja teke, kisha fimbo ya kuswagia ng'ombe, na baada ya hapo sikujua tena kipi kilitoka kwa nani. Ilikuwa mchana kweupe, siku ya soko, Busia, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka pale, futi ya kupimia bado iko shingoni.

Kosa lake lilikuwa vyura.

Alikuwa amepata kibarua kwa Mzungu mmoja aliyefikia kwenye nyumba ya wageni, njia ya Tororo. Mzungu huyo alitaka vyura wadogo, hawazidi ukucha wa kidole gumba, wanaoishi juu ya miti na kulala mchana chini ya magome yaliyobanduka. Vitabu vyake vilisema vyura hao wako Kongo tu, mbali huko magharibi. Kaka alimpata wa kwanza msitu wa Busitema, halafu wengine upande wa Sikuda. Mzungu aliruka kwa furaha, akasema ramani itabidi ichorwe upya.

Vyura walitiwa kwenye chupa moja ya spiriti, kila mmoja akiwa na kikaratasi kigumu mguuni, chenye namba ya mti alikotoka. Vidole vya kaka vilikuwa vinene, uzi ulimshinda. Akaniletea mimi, fundi cherehani. Nilifunga mlango, nikawafunga wote kumi na mmoja kwa uzi mwekundu, huku natukana, maana vyura nawachukia mpaka kesho. Fundo langu ni dogo na halifunguki ovyo, na siku zote nilijivunia hilo.

Hakuna aliyefikiri, si mimi si yeye. Sisi tuliozaliwa huku, tunaojua fika kwamba mchawi akitaka kumfunga mtu humfunga chura mguu! Ilikuwa kazi ya Mzungu, basi akili tukaiweka kando. Na msimu ule surua ilikuwa imezoa watoto Buteba.

Kaka alikuwa akipita sokoni na chupa yake mtu wa baiskeli alipomkumba. Chupa ikavunjika, vyura wakatapakaa chini na nyuzi zao.

"Omulosi! Mchawi!" yule mwanamke wa gomesi akapiga yowe. Alikuwa ametoka kuzika wawili. "Ona, nafunga watoto yetu na namba!"

Ndipo wakaanza. Walimpiga mpaka uso ukavimba na macho yakafumba. Muuza samaki mmoja akawazuia, wala si kwa huruma. Alisema mkimuua huyu kabla hajafungua, watoto waliofungwa watakwenda naye. Aliyefunga lazima afungue kwa mkono wake.

"Nani nafunga?" akamwuliza.

"Mimi," kaka akajibu.

Wakamsukumia vyura. Alipapasa, vidole vikateleza kwa damu yake mwenyewe, na fundo langu halikufunguka. Wao waliona anakataa. Wakampiga tena. Niliusikia mkono wake wa kushoto ukivunjika, kama muwa. Akajaribu kwa wa kulia, akashindwa, wakampiga tena.

Nami nilisimama. Kwa kucha zangu ile ilikuwa kazi ya dakika mbili, na nilijua. Niliogopa, sina neno jingine. Mtu mmoja alipokuja na mchi, akasema ashikwe kichwa vizuri, ndipo nilipopiga kelele na kuwapita kwa viwiko.

"Ni mimi niliyefunga! Mimi!"

Nikapiga magoti, nikafungua kwa kucha na meno, spiriti ikiniunguza ulimi, mmoja baada ya mwingine mpaka wote kumi na mmoja. Mwanamke wa gomesi akakusanya vile vikaratasi akavichoma moto. Kisha akanitemea mate, mtu akanipiga teke la mbavu, na watu wakarudi kwenye vibanda vyao.

Mzungu alikuja hospitalini Tororo kuuliza chura yupi ametoka mti upi. Bila namba, alisema, hawezi kuandika chochote. Nilimtupia bakuli la uji wa moto, na sijutii mpaka leo. Aliondoka nchini na ramani yake ikiwa vilevile.

Siku ya tatu kaka alifumbua jicho moja. La pili lilikuwa limekwisha.

"Dada," akasema, "mle sokoni ulifika saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika," nikamwambia. "Ulivyonisikia napiga kelele, ndipo nilipofika."

Akanitafuta kwa mkono wake mzima, akaushika wangu.

"Asante kwa kuwahi," akasema.