Kilio Nilichonyimwa

Ezron, mzee wa kanisa letu huku Igamba, alinizuia kumlilia mwanangu, kisha akawaambia watu kwamba sina tumaini la ufufuo. Hilo ndilo alilonitenda.

Aida alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyepeleka nyanya zetu Tunduma, akibishana bei na Wazambia kwa Kibemba cha kuokoteza mpaka wanacheka na kununua. Kwenye kwaya walimsimamisha nyuma kwa sababu ya urefu wake. Homa ilimchukua hata wiki haijaisha.

Jeneza lilipotolewa ndani, nilipiga ukunga. Ezron akainua mkono mbele ya watu wote.

"Mama Aida, nyamaza! Wanaolia hivyo ni wasiomjua Mungu."

Nikajiziba mdomo kwa kitenge. Jumapili akatangaza kwamba nimetengwa na Meza ya Bwana mpaka imani yangu irudi. Imani ilikuwa haijaondoka. Nilijua Aida atafufuka. Ila kitanda chake kilikuwa kitupu, na mimi ni mama yake.

Baada ya mavuno walinirudisha mezani. Kilio hakikurudi. Kilinikaa kifuani miaka na miaka.

Kisha Enoka, mtoto wa Ezron, akafa kwa ajali ya pikipiki njia ya Vwawa. Nilikwenda msibani. Nilimkuta Ezron chini, vumbi mwili mzima, analia kwa sauti.

"Leo wasiomjua Mungu ni akina nani?" mwanamke mmoja akanong'ona nyuma yangu.

Uwanja wote ukanitazama. Maneno ya Ezron nilikuwa nayo mdomoni, sikusahau hata moja. Mkewe, Nesta, akanishika mkono.

"Mama Aida, nakuomba. Usimwambie."

"Simwambii kitu, Mama Enoka. Alie tu."

Nikaketi chini kando ya Ezron, nikafungua mdomo. "Aida! Aida mwanangu!" Nililia mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeinua mkono. Ezron alilisikia lile jina. Akanitazama, akainamisha kichwa.

Watu husema nilimsaidia kulia. Sikumsaidia. Nilimlilia wangu.

Siku ya parapanda Aida atasimama, na Enoka naye. Lakini Ezron yu hai, na kila Jumapili anakaa kwenye benchi lilelile la mbele. Namdai asimame pale aliponitangaza, awaambie walewale kwamba Mama Aida alimlilia mtoto wake, na hakumkana Mungu.