Mafuta ya Kambale Mgongoni kwa Bibi

Juzi nilipita kwenye meza ya kambale, karibu na ziwa. Harufu ya mafuta yao ikanikaba, nikatema mate.

Nilikuwa mtoto, msimu ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milima kuja huku Mbinga. Bibi aliogopa gari lao lisije likamwacha, akainua debe lililojaa kahawa. Mgongo ulilia kama kijiti kikavu, akaanguka.

Hospitali ilikuwa imeanza kutoza ada, hivyo mama alimwita mganga kutoka ziwani. Alimpaka bibi mafuta ya kambale, akamfunga vitambaa na kukataza visifunguliwe. Chumba kilinuka uvundo. Nilikuwa nikimpelekea uji huku nimeziba pua.

Homa ilipompanda, tukampeleka hospitali kwa machela. Muuguzi alikata vitambaa. Ngozi ilikuwa imeoza, funza weupe wakadondoka sakafuni.

“Bibi, mifupa imedhoofika kwa uzee, ndiyo maana pingili ya mgongo imevunjika,” alisema. “Ulihitaji kupumzika na dawa za maumivu, siyo haya mafuta.”

“Nilikuwa nawasikia wakitambaa, mwanangu,” bibi akajibu. “Nilidhani ni dawa inafanya kazi.”

Alipona, lakini mgongo ulibaki umepinda. Tulipomwambia shikamoo, aliitikia marahaba akitazama miguu yetu.