Pedi za Mume wa Fundi

Fundi huyu hutengeneza pedi za breki za pikipiki, na hakuna pedi inayotoka karakanani kwake kabla hajaikwaruza kwa ukucha wa gumba. Wateja wakimwambia za kutoka nje ni rahisi zaidi, hujibu kwa upole. Lakini asubuhi moja mumewe, mwendesha bodaboda, alipita na abiria, breki zikalia mlio asioujua. Akamsimamisha, akafungua gurudumu. Pedi ya kigeni ikamegeka ukuchani kama biskuti. Damu ikamchemka: kumbe nyumbani kwake ndiko anakodharauliwa!

"Mama watoto, zilikuwa bei chee," mume akajitetea.

"Na huyu mama uliyembeba, naye ni bei chee?"

Majirani wakachungulia. Abiria, aliyekwisha kushuka, akaketi kwenye benchi na mkoba wake mapajani.

"Funga za kwako, fundi," akasema. "Nitasubiri."